Sinia Linarudi Tupu, Baba Anakonda

Bwana Mshauri, shikamoo. Baada ya salamu nakuomba unisome mpaka mwisho, maana sina wa kumwambia ila wewe. Mimi ni Mize, mke wa Ame, kuli wa bandarini, tunakaa mtaa wa Malindi na baba mkwe wangu, Mzee Machano, na huyu mzee kwangu si mkwe tu, ni mzazi, kwani nilipoolewa sikuweza kusoma hata jina langu, na yeye ndiye aliyenikalisha uani kila alasiri akanifundisha, mpaka leo naandika barua kwa mkono wangu, sasa mtu kama huyo nitamlipa nini ila nimpikie vizuri, na wallahi nampikia, wali wa nazi, pweza, nyama siku za Ijumaa, napakua sinia kubwa linakwenda ukumbini kwa wanaume, kwa sababu Ame hurudi na wenzake wa bandarini na baba hapendi kula bila wageni, na sinia linarudi halina hata punje, lakini mzee anakonda, kanzu inamning'inia, mashavu yameingia ndani, nikimuuliza husema, "Nimeshiba, mwanangu, Mungu akubariki."

Juzi wifi yangu, Bi Mwatum, alikuja kutoka Makunduchi, akamtazama baba yake, akanifuata jikoni akanambia mbele ya jirani, "Mize, mnamlisha nini baba yetu, upepo?" Nikamwambia, "Wifi, litazame sinia, limeliwa lote." Akasema, "Basi umelila wewe, maana unene tunauona kwako." Jirani akacheka. Sasa amesema Ijumaa ijayo anakuja kumchukua baba akakae shamba, na mume wangu kimya. Sitaki mzee aondoke nyumbani kwangu kama mtu aliyenyimwa chakula. Nifanye nini?

Mize, Malindi

JIBU

Marahaba, mwanangu. Majina nimeyabadili usije ukapata tabu mtaani. Kwanza nakushukuru: wakwe wanaolalamikiwa kwangu ni wengi, wanaoombewa heri ni wachache. Sasa nikukaripie kidogo. Umelitazama sinia, hukumtazama mtu. Sinia tupu linakwambia kwamba chakula kimeliwa. Halikwambii kimeliwa na nani.

Mimi pia ni mzee, na rika letu tulilelewa kwamba mwenye nyumba hainui mkono kuacha kula kabla ya mgeni, kwani akiinua, mgeni ataona haya na atanawa na njaa yake. Kwa hiyo baba yako huuacha mkono kwenye sinia, akimegamega wali, minofu akiwasogezea wenzake, na kila mmoja anadhani anakula. Na wageni wenyewe ni vijana waliobeba magunia tangu asubuhi! Mzee aliyekwisha magego ashindane nao kwa pweza? Kabla hajakilainisha kipande kimoja, wao wameshafika chini. Anaona haya kukwambia wewe, unayehangaika jikoni, kwamba chakula chako kizuri hakitafuniki.

Ujue pia kwamba mwili hubadilika. Tukizeeka, nyama ya mikono na mapaja hupungua, njaa huja kwa uchache, kiu husahaulika, ulimi hauonji kama zamani, na tumbo hufanya kazi polepole. Mzee hahitaji chakula kingi kwa mpigo mmoja. Anahitaji kidogo, mara nyingi, tena kiwe cha kumjenga: samaki, mayai, maziwa, kunde. Wali peke yake unamshibisha upesi na kumwacha vilevile.

Usimtoe kwenye sinia. Utamvunjia heshima mbele ya wageni. Mlishe kabla. Alasiri mpelekee bakuli uani, umwambie, "Baba, nionjee mchuzi huu." Liwe bakuli hasa, si kijiko: samaki aliyechambuliwa miiba ndani ya tui, au choroko zilizopondwa. Akisema chumvi haitoshi, usimsikilize, ni ulimi unaosema hivyo. Mkamulie ndimu, tia tangawizi. Asubuhi mpe uji wa mtama kwa maziwa, na yai. Maji mpelekee bila kungoja aombe. Pweza waachie makuli.

Lakini kabla ya hayo yote mumeo ampeleke kwa daktari, wiki hii hii, kwani kukonda huenda kukawa na maradhi ndani yake, na mimi siwezi kuyaona kwenye karatasi. Mwambie Ame kwamba kunyamaza mkewe anapotukanwa si upole.

Wifi yako amekukosea, hasa kwa lile neno la unene. Hata hivyo ameogopa kumpoteza baba yake, na hofu ndiyo iliyomtoa maneno makali. Akija Ijumaa usibishane naye. Mkaribishe, mweleze niliyokueleza, kisha mketi nyote mbele ya mzee. Barua yako nimeisoma mara mbili, na sikuona mahali ambapo mtu yeyote amemuuliza Mzee Machano anataka kukaa wapi. Muulizeni. Atakalosema lifuateni, hata akisema Makunduchi. Na akisema Makunduchi, panda naye gari mpaka huko, ukamwonyeshe wifi yako namna ya kumpikia.