Sifuri Niliyokuandikia, Mama

Shikamoo, Mama.

Najua hutaitika, lakini siwezi kusema nawe bila kukuamkia kwanza. Ungenifinya sikio hata kutoka huko uliko. Zile barua ulizokuwa ukinituma niandike nilipokuwa mdogo, za kumpelekea Mjomba Hamisi Pemba, zote zilianza na "sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu," hata mwaka ule Baba alipokuwa hajiwezi kitandani. Hii siianzi hivyo. Hali yangu si nzuri, Mama. Nakuandikia nikiwa ndani ya gari, kwenye maegesho ya kliniki hapa Rockville, Marekani, ni saa ya chakula cha mchana na wali wangu uko kwenye kopo, hata kuufungua sijaufungua.

Kuna jambo Daktari Seo, yule Mkorea wangu wa kliniki, anataka jibu langu kabla ya Ijumaa. Siwezi kumjibu yeye kabla sijasema na wewe.

Habari za nyumbani kwanza, maana utauliza. Imrani ameng'oka jino la mbele. Kaniuliza, kwa Kiingereza chake kama kawaida, nani atalitupa juu ya paa, maana wewe ndiye uliyemwahidi. Nikalitupa mimi. Likagonga bomba la mvua likaangukia kwenye maua ya jirani, na mtoto akalia mpaka nikalia naye. Hitima yako tuliisoma kwa simu, ukoo mzima wa Tanga umejazana kwenye skrini, Shangazi Mwanaisha anapiga kelele kwamba hatuoni, anaona dari tu. Bado wananung'unika kwamba nimekuzika kwenye baridi.

Sasa hili la Daktari.

Unakumbuka ulivyokuja kwangu Greenbelt kunilelea mtoto, na kabla hujazoea hata jiko la umeme, mkanda wa jeshi ukakushika ubavu wa kushoto. Malengelenge yakakauka, ngozi ikapona, maumivu yakakatalia ndani. Vidonge vya hospitali vikakulevya, ukawa unashika kuta ukienda chooni. Nami nikasema, kwani mimi nafanya kazi wapi? Nikakuleta hapa kwa Mkorea wangu. Nilikuwa najidai, Mama, niseme ukweli. Nilitaka umwone daktari anayeniheshimu, na wagonjwa wanaoniita kwa jina, na ile meza yangu ambapo napima presha na kuandika hali za wagonjwa kwa ajili ya utafiti wake. Yeye anakusanya visa vya nadra, wagonjwa ambao tiba ya kwao Korea imewafanyia jambo lisilo la kawaida, anaviandika kwenye majarida ili madaktari wengine wajifunze.

Siku ya kwanza ulipoona vile vikombe vya kubandika mgongoni ulicheka mpaka ukakohoa. "Huyu kajifunza kwa nani kuumika? Babu yangu alikuwa na pembe yake." Na ile dawa ya mizizi ya kuchemsha, uliionja ukaniambia mwarobaini ni sharubati. Kila sindano yake isiyo na dawa ilipokaribia ulifumba macho ukasoma Ayatul Kursiyu, na Daktari Seo akaniuliza unasema nini. Nikamweleza. Tangu hapo alikuwa anasubiri na sindano yake mkononi mpaka midomo yako itulie, ndipo anachoma. Ulinong'ona, "Huyu ana adabu, ana mama huyu."

Halafu yakaja maswali ya namba.

Utaratibu wetu ni kwamba ndugu hatafsiri. Kuna mkalimani wa simu, unabonyeza tu. Nikasema, mkalimani wa nini, mama si wangu? Nikakuuliza mwenyewe: Mama, kutoka sifuri mpaka kumi, maumivu ni mangapi? Ukauliza kumi ni ipi. Nikasema ni maumivu makubwa kuliko yote uliyopata kuyasikia. "Hayo nilikuzalia wewe, ulitanguliza miguu," ukasema, na tangu hapo kila maumivu ukayapima kwa yale. Ukasema sita siku ya kwanza, na naapa ilikuwa tisa ya mtu mwingine. Wiki zikapita, sita ikawa nne, nne ikawa mbili, kisha siku moja ukasema, "Mwambie hakuna kitu. Andika hakuna." Nikaandika sifuri.

Daktari alisimama akakuinamia. Mtu mzima na mvi zake anakuinamia wewe! Alisema mgonjwa wa umri wako, mwenye sukari, maumivu ya aina hiyo kutoweka kabisa bila vidonge, yeye hajawahi kuona. Hiki ni kisa cha kuandikwa. Jina langu litafuata lake. Nilipiga simu Tanga kabla hata hatujafika nyumbani, na wewe umekaa pembeni yangu unatabasamu.

Umekaa pembeni yangu, Mama, na mkanda wa gari umeuvuta kwa mkono usikuguse ubavu, njia nzima. Niliuona ule mkono! Niliona pia ulivyokuwa unainuka kutoka kwenye sijida kwa vituo. Niliona umeacha kuvaa sidiria, unajitanda kanga tu ndani ya nyumba. Mimi nesi. Kazi yangu ni kuona. Mgonjwa wa mtu mwingine angeuvuta mkanda vile ningesimamisha gari. Nilikuuliza, "Vipi, Mama?" ukasema, "Nauzoea tu huu mkanda wenu," nikaridhika upesi mno, nikaendelea kuongea na Tanga.

Nilitaka ile sifuri. Ndiyo hiyo, nimeisema.

Siku uliyokufa nilikuwa kazini, Imrani yuko shule. Mama Njeri wa ghorofa ya chini alipanda kukuchukua mwende dukani, akakukuta kwenye kiti cha jikoni, vitunguu umekata nusu. Moyo, walisema hospitali. Msibani nikasikia mtu anasema chinichini, mficha maradhi kifo humuumbua. Nilimtazama yule mama mpaka akashika njia ya chooni. Nilidhani namkasirikia yeye.

Ni Mama Njeri aliyeniambia, kwenye arobaini yako, tunaosha masufuria. Unamjua, Mkikuyu yule, hana kona. "Pole, lakini shosho, huyo mama yako, alikuwa ananiambia ile uchungu ya mbavu haikuisha. Na hizo siku za mwisho akasema kifua inambana. Nikamwambia, si uambie nesi wetu? Akasema ati daktari ashaandika amepona, akisema anaumwa ataharibia msichana wake kazi. Mimi nilidhani unajua. Si wewe ndiye nesi?"

Maji ya bomba yaliendelea kutoka mpaka akayafunga yeye.

Ulinifichia kwa ajili ya kazi yangu! Uliumwa kimya kimya ndani ya nyumba yangu ili mimi nisiaibike mbele ya bosi. Na kifua kilipoanza kubana, kilikukuta umeshafunga mlango wa kusema. Jamani, Mama. Ningeacha hiyo kazi siku hiyo hiyo, ningeuza viatu. Lakini ulijuaje? Nilikupa sababu gani ya kujua, mimi niliyetangaza sifuri yako Tanga nzima?

Shehe ananiambia siku zako zilifika, nisijitese, kadari haina mjadala. Nakubali. Kadari ni ya Mungu. Lakini Mungu hakuandika ile sifuri. Niliiandika mimi, kwa kalamu ya kliniki, na mwandiko ni wangu. Wakati mwingine nawaza jambo baya zaidi: kwamba hata ungeniambia kifua kinabana, ningesema ni mabaki ya mkanda wa jeshi, tulia Mama, kunywa dawa ya Mkorea. Sijui. Hilo ndilo linaloniamsha, sijui ningefanya nini.

Wiki iliyopita niliingia kwa Daktari Seo nikamwambia yote. Ripoti ilikuwa tayari kutumwa. Nilisimama kama mtoto aliyevunja sahani, nikingoja anifukuze, na kweli nilitaka anifukuze. Akavua miwani. Kisha akasema mama yake, Korea, kila akimpigia simu alimwambia anakula vizuri, analala vizuri, asihangaike kusafiri. Alipofika kumzika akakuta nguo zake zote zimepunguzwa kiuno. Yeye daktari, mtoto wake wa pekee. Hakunilaumu hata kidogo, na hapo ndipo nilipoumia zaidi, maana nilibaki na mzigo wangu na hakuna wa kunipokea.

Ile ripoti ya muujiza ameiua. Lakini ananiambia kisa chako bado ni cha nadra na bado kina faida, ila faida nyingine: mgonjwa aliyesema hana maumivu, kwa nini alisema hivyo, nani alikuwa anatafsiri, na nini hakikusikika. Madaktari wakisoma watajifunza kutomwachia mtoto kazi ya kumsemea mzazi. Hataandika neno bila ruhusa ya familia. Na familia hapa Marekani ni mimi. Nikikataa, anasema, faili linafungwa na halitajwi tena.

Nilikuwa tayari kukataa, Mama. Jina lako halitakuwamo, lakini bibi wangapi wa Kitanga wamechomwa sindano na Mkorea hapa Rockville? Watajua Waswahili wote, kuanzia Herndon mpaka huku. Mjomba Hamisi atasema nimekuvua nguo hadharani na nimekufanya mwongo, wewe ambaye uongo uliuchukia. Leseni yangu nayo huenda ikahojiwa. Daktari hakunificha hilo. Na wewe mwenyewe hukuwa mtu wa kutoa mambo ya ndani nje. Ukiwa hai ningekuuliza, ungesema, "Achana nalo, mwanangu, litapita."

Lakini leo asubuhi kaja bibi mmoja wa Kihabeshi, goti limemvimba, kaja na binti yake, msichana nadhifu ana kitambulisho cha ofisi shingoni. Kila ninalouliza binti anajibu kabla mama hajafungua mdomo. Anaendelea vizuri. Analala vizuri. Weka mbili. Nikamwomba atoke nje kidogo. Akanijia juu: "Mimi namjua mama yangu!" Ningesema vivyo hivyo, na kwa sauti hiyo hiyo. Nikafunga mlango, nikapiga simu ya mkalimani wa Kiamhara. Yule bibi akautazama mlango kwanza, akahakikisha umefungwa. Kisha akaongea, Mama. Akaongea mpaka mkalimani akamwomba apunguze mwendo. Goti lilikuwa dogo katika maumivu yake yote. Nilishika kalamu sikuweza kuandika mpaka nijifute macho, na yule bibi akanishika mkono, ananifariji mimi.

Ndiyo maana wali sijaufungua.

Basi nisikilize, na kama hutaki, njoo unikataze ndotoni. Nitamwambia Daktari Seo ndiyo. Mjomba nitampigia mwenyewe kabla hajasikia kwa watu, nitatukanwa na nitanyamaza. Mwongo hukuwa, ulikuwa mama. Nitahakikisha hilo linaeleweka. Na kuna nafasi moja Daktari ameiacha wazi kwenye rasimu, kwa kunionea haya, pale panaposema namba zilipatikanaje. Nitaijaza mimi. Nitaandika kwamba muuguzi aliyetafsiri, aliyeuona mkono wa mgonjwa ubavuni na bado akaandika sifuri, alikuwa binti yake.

Msamaha sikuombi leo. Ungenipa upesi mno.

Lala salama, Mama yangu. Mungu akupanulie kaburi na akulaze pasipouma. Imrani nitamlea ajue kusema "naumwa" kwa Kiswahili, kwa sauti, mbele ya yeyote. Na mimi nakuahidi hili moja: sitatafsiri tena maumivu ya mtu ambaye naogopa kusikia kwamba anaumwa.

Mwanao,
Zena