Kitufe cha Mashine ya Misigiri

Misigiri, 2 Juni 1975

Mwanangu Theodora,

Salamu nyingi. Hujambo huko Tanga? Huku wazima, mvua imekwisha na mtama tumevuna.

Usishtuke kwa mwandiko, naandika kwa mkono wa kushoto. Ile mashine ya kusaga ya kijiji, niliyokuambia nimechaguliwa kuiendesha, imenirusha. Nilikuwa nimelowesha mtama, nikabonyeza kitufe kwa mkono mbichi. Nikajikuta chini, akina mama wanalia. Mkono wa kulia bado unatetemeka.

Fundi Laurian amesema umeme wa volti 240 unafika mpaka kwenye kitufe, na waya wake ulikuwa umechubuka. Anauliza safari hii alete volti ngapi kwenye kitufe. Nimemwambia ninaye binti fundi umeme kiwandani, nimlee mwenyewe halafu nisimuulize? Wanawake wamerudi kwenye mawe ya kusagia.

Mamako mdogo,
Redempta


Tanga, 14 Juni 1975

Shikamoo mama mdogo,

Nimeisoma barua yako nimesimama, nikashindwa kula. Umekwenda hospitali? Nenda, tafadhali.

Mwambie fundi Laurian hivi: mota na ibaki na umeme wake mkubwa. Kitufe hakizungushi mashine, kinaiamrisha stata tu, na stata ndiyo inayoipa mota umeme. Amri haihitaji nguvu nyingi. Natuma transfoma ya kushusha umeme hadi volti 24, na koili yake, ile sumaku ya waya inayoishika stata. Volti 24 hata ukizigusa kwa mkono mbichi hazitakuangusha. Kasha la kitufe nalo lifungwe waya wa ardhini.

Sitaki uguswe na zaidi ya hizo.

Mwanao,
Theodora


Misigiri, 9 Julai 1975

Marahaba mwanangu,

Hospitali nimekwenda. Mfupa mzima, moyo mzima, nimepewa dawa ya kuchua.

Mzigo umefika, Laurian ameufunga. Lakini stata inagonga-gonga kama meno ya mwenye homa. Inashika, inaachia, mota inanguruma na kuzima. Mzee Mughwai, mwenyekiti wetu, amesema, "Basi turudishe zile 240, watu wanakula nini?" Nikamjibu, "Mwenyekiti, ngoja mtoto ajibu." Akakubali, ila kwa shingo upande.

Usione vibaya. Laurian anasema waya wetu wa kitufe ni mrefu mno. Stata iko banda la jenereta, mashine iko ng'ambo ya uwanja.

Mamako mdogo,
Redempta


Tanga, 20 Julai 1975

Shikamoo mama mdogo,

Laurian amesema kweli. Volti zikiwa chache, koili inadai umeme mwingi zaidi ipitishwe kwenye waya, na waya mwembamba ukiwa mrefu, volti nyingi zinapotea njiani. Zinazofika hazitoshi kuishika stata. Nilikuwa nakuwaza wewe uko chini sakafuni, waya sikuuwaza.

Tuchukue volti 110, natuma transfoma nyingine. Zitavuka uwanja bila shida. Transfoma hii katikati yake inafungwa ardhini, kwa hiyo atakayegusa waya mmoja akiwa amesimama chini anakutana na 55, siyo 240. Si mchezo, lakini si kifo. Mikono ifutwe bado.

Nimeomba likizo niilete mwenyewe, nimekataliwa. Inakuja kwa basi.

Mwanao anayekupenda,
Theodora


Tanga, 30 Septemba 1975

Shikamoo mama mdogo,

Mbona kimya? Laurian ameniandikia kwamba mashine inasaga vizuri tangu Agosti. Wewe hakukutaja. Nani anaiendesha? Mkono umezidi? Niambie hata kwa neno moja.

Theodora


Misigiri, 19 Oktoba 1975

Marahaba Theodora mwanangu,

Mimi mzima. Nilikaa kimya kwa aibu. Ulihangaika kote huko kwa ajili yangu, na mashine ilipopona mimi nikashindwa kuingia bandani. Jirani yetu Martina, na mimba yake, ndiye aliyeshika kazi. Mimi nilisaga kwa jiwe nyumbani, jirani wakiuliza nasema unga wa jiwe ni mtamu.

Juzi Martina alishikwa na uchungu wa kuzaa palepale mashineni. Wakamchukua kwa mkokoteni. Akina mama wamejaa na vikapu, kila mmoja anamtazama mwenzake. Jirani yangu mwingine, Stumai, akanifuata uani kwangu, "Dada, watoto hawajala."

Nikaenda. Nikafuta mkono kwenye khanga, nikaufuta tena. Mbele ya kitufe mkono ukakataa, nikalia mbele ya watu wote. Hakuna aliyecheka. Stumai akasimama nyuma yangu, akanishika kiuno, akasema, "Ikikurusha, turushwe wote."

Nikabonyeza.

Sikusikia kitu, mwanangu. Mkanda ukazunguka, mashine ikanguruma, unga ukashuka mweupe. Stumai bado amenishika, nikamwambia, "Niachie basi, nisage." Tumesaga mpaka vikapu vyote vikaisha.

Martina amejifungua msichana. Na barua hii nimeiandika kwa mkono wa kulia.

Mamako,
Redempta