Chembe Zisizo Duara

3 Machi

Baba,
Shikamoo. Mimi mzima, usingizi tu ndio haba. Kifua kinaendeleaje? Miaka minne imepita tangu nikatae kurithi kinu chako cha unga, ukaniambia nisikanyage tena hapo. Sijakanyaga. Leo naandika kwa sababu nimekwama kazini. Naigiza kwenye kompyuta jinsi chembe za unga zinavyosukumana na kuvutana kwa umeme tuli, ule unaosimamisha nywele ukivua sweta. Nimezichora kama vimpira, ndivyo wengi wanavyofanya. Hesabu inasema zenye chaji ya aina moja zikimbiane. Mitamboni zinagandana. Wewe unaujua unga. Nakosea wapi?
Binti yako

19 Aprili

Mwanangu,
Marahaba. Kifua kinakohoa, mwenyewe nipo. Barua yako nimekaa nayo mfukoni mwezi mzima. Vimpira, eti. Nilicheka mpaka nikaishiwa pumzi. Wewe uliyelala juu ya magunia yangu ukaamka na unga kwenye kope. Humu bahashani nimetia ule unaoganda kwenye bomba siku za ukavu, ninaougonga kwa nyundo ya mti mpaka uanguke. Utazame vizuri.
Baba yako

30 Mei

Baba,
Shikamoo. Pumzi je? Unga wako ulikuwa umeganda kwenye bahasha, nikaukwangua kwa ukucha. Kwenye hadubini niliona pembe, mabonde, vipande kama mbao zilizovunjika. Nikazichora chembe zilivyo, kompyuta ikapiga hesabu kwa siku tisa. Kisha nikatazama: chembe mbili, chaji ileile, zinasukumana, zinasukumana, halafu moja ikajigeuza polepole kama mtu usingizini, ikaleta upande wake mwingine, ambako mvuto unashinda msukumo. Zikakaribiana, zikashikana. Nikalia palepale ofisini, mkuu wangu akadhani hesabu imeharibika. Baba, nimekukumbuka sana. Naweza kuja?
Mwanao

11 Juni

Mwanangu,
Marahaba. Maneno ya siku ile yananiuma kuliko kifua, na sikujua pa kuanzia kuyafuta. Njoo Jumamosi, mashine nitazizima. Jua la asubuhi likipita mlangoni utaona vumbi la unga linaelea, halina haraka. Bomba sijaligonga tangu barua yako hii ifike. Nimeuacha unga ugande, tuutazame sote wawili. Vaa nguo yoyote, itakuwa nyeupe tu.
Baba