Kisu cha Ng'ombe kwenye Taya la Kaka

Kaka Shija,

Nakuandikia nikiwa na hasira, sitaki kukudanganya kwamba ni majonzi matupu. Kuna siku nakulilia. Kuna siku natamani ufufuke nikushike shati, nikutikise mpaka vifungo vitoke, nikuulize kwa nini uliniamini.

Jino moja tu! La mwisho, chini, upande wa kulia. Zahanati tuliyoanzia walikupa vidonge vya maumivu. Kituo cha afya tulichoelekezwa hakikuwa na mtu wa meno. Tulifika Mpanda mjini ukiwa umejifunga shuka kichwani, tukaambiwa ganzi imekwisha, tukanunue nje au twende kwa daktari binafsi. Aliyetuambia hakuinua hata macho. Nilipiga ngumi meza yake, ukanivuta mkono ukinicheka na shavu lako limevimba hivyo. "Niuze mtamba kwa ajili ya jino? Hata ng'ombe wenyewe watanicheka. Turudi kijijini Mamba, fundi ninaye nyumbani."

Fundi huyo nilikuwa mimi. Kata nzima, ng'ombe akivimba taya wananiita mimi, na wewe ulizoea kunitania eti daktari wa wagonjwa wasiosema.

Asubuhi ile ulilala mwenyewe kwenye samadi kavu ya zizi. Ukaniambia nikufunge kama dume, la sivyo ungeniumiza. Nikakufunga miguu, nikakufunga mikono, nikaweka goti shingoni. Kisu nilikipitisha motoni mpaka kikawa chekundu, nikadhani hiyo inatosha. Nilipokisukuma chini ya taya ulinguruma, kamba ya miguu ikakatika, teke lako likanipata kifuani nikatapika palepale. Nikarudi. Nikakandamiza. Usaha na damu vikaruka mpaka kwenye kope zangu, na mimi, Kaka, nilifurahi. Nikasema umepona. Kwa ng'ombe, usaha ukitoka kazi imekwisha.

Siku ya tatu shingo yako ilikuwa nene kuliko paja, ulimi umeinuka, hata mate huyamezi. Tulikupakia kwenye gari la mpunga linalokwenda Mpanda. Ulikuwa unakwaruza koo kwa kucha ukitafuta hewa. Nikikushika mikono, unanikwaruza mimi. Ulikata roho njiani juu ya magunia, jua limesimama utosini. Dereva hakujua, akaendelea kuendesha. Mimi nami sikugonga bodi asimame. Ningemwambia nini?

Msibani mjomba alisema ni kazi ya Mungu. Nilimpiga ngumi ya mdomo mbele ya waombolezaji, watu wanne wakanikalia. Halafu wakaja mmoja mmoja kunipa pole, wakisema angalau nilijaribu. Nilijaribu! Hakuna hata mmoja aliyenilaumu. Shemeji, mkeo, alinichemshia maji ya kunikanda kifua pale uliponipiga teke. Afadhali angenimwagia.

Tangu uondoke mpunga umevunwa. Yule mtamba uliyekataa kumuuza alizaa ndama jike. Watu wakasema ni baraka zako, nami nilikuwa kila nikimwona namchapa kwa mpini bila kosa lolote.

Mwezi uliopita Shemeji alikuja zizini amemshika Kabula mkono. Shavu la mwanao limevimba, jicho limefumba. "Shemeji, mtoboe basi, kabla halijapanda kichwani." Kisu kilikuwa mkononi, nilikuwa nimetoka kumhudumia fahali. Sijui nilipiga kelele gani. Nilimwambia akiniletea mtu tena nitamkata yeye. Mtoto akajikojolea kwa woga. Ninajuta, Kaka, maana mkeo hakuwa na kosa, alikuja kwa mtu anayemwamini.

Siku hiyohiyo nilimswaga mtamba wako na ndama wake mpaka Majimoto, nikawauza kwa bei ya kwanza niliyopewa. Kesho yake tulikuwa Mpanda, ganzi nimeinunua dukani iko kwenye mfuko wa shati. Wakaniambia turudi Jumatatu. Nikakaa chini mlangoni nikawaambia watanitoa nikiwa maiti. Mlinzi alinivuta mguu, nikang'ang'ania nguzo, suruali ikachanika, Kabula analia watu wanatutazama. Mwishowe akatoka dada mmoja wa meno, mchovu kweli kweli, akamshika mtoto mkono wakaingia.

Akachoma sindano. Akasubiri kidogo. Akavuta.

Sikuwa nimemaliza hata kufuta vumbi usoni. Kabula alitoka akitembea mwenyewe, pamba mdomoni, jino liko kiganjani, na karatasi ya vidonge vya kumaliza usaha. Hakufungwa kamba. Hakuna aliyemwekea goti. Kumbe ni hivyo tu, Kaka? Nilijigonga kichwa ukutani mpaka yule dada akatoka tena kunishika.

Kwenye basi mwanao aliniuliza, mdomo bado mzito, "Baba mdogo, na baba naye walimchoma sindano hii?" Wakati ule alikuwa Inyonga kwa bibi yake, hakuona kitu, na nyumbani wamemwambia jino lilikuua. Nilijifanya sijasikia. Akauliza tena. Nikatazama dirishani mpaka akasinzia.

Basi pumzika, Kaka. Sitakuja tena kaburini kukugombeza. Kile kisu nimekitumbukiza chooni. Mtu yeyote wa kwetu akivimba shavu, nitauza nilicho nacho na nitakaa kwenye mlango ule hata wanivunje miguu. Na Kabula nitamjibu. Jumapili hii, kwa mdomo wangu, kabla mtu mwingine hajamwambia. Nitampeleka zizini nimwonyeshe nilipokufunga na nilipokuwekea goti. Akiokota fimbo, sitakimbia.

Mdogo wako,
Masunga