Watoto wa London na Binti wa Mama Riziki

Mjukuu wangu Espérance,

Tuko wazima hapa Majengo. Baba yako amepona malaria, na shangazi yako ameanza tena kuuza samaki sokoni Kituku.

Unauliza kutoka Kinshasa historia ya Waingereza itakusaidia nini ukishapita konkuru ya serikali, mtihani huo wa kuingia kazini. Mimi pia niliikariri kama katekisimu kwa konkuru hiyohiyo. Wakati huo vita vilikuwa Masisi, na Mama Riziki, aliyekimbia kutoka huko, alilala sebuleni kwetu. Binti yake alikuwa amempotea njiani.

Siku moja nilisoma kwa sauti jinsi watoto wa London walivyopelekwa vijijini bila mama zao wakati mji ulipopigwa mabomu vitani. Mama Riziki akaacha kuchambua maharagi.

"Bale batoto, balirudia bamama yabo?"

Kitabu hakikusema. Nilimwuliza padri wetu, nikamletea jibu: wengi walirudi, ila wengine walikuwa wamezoea mama waliowatunza huko.

Baadaye tukasikia binti yake yuko kambi ya wakimbizi Mugunga. Tulipofika, mtoto alijificha nyuma ya mama aliyemtunza. Nilidhani Mama Riziki atamrukia. Hapana. Aliketi chini, akamshika yule mama mkono. "Aksanti, mama. Umenichungia mutoto." Wakazungumza polepole mpaka mtoto akasogea mwenyewe.

Konkuru nilipita, na kazi nikaifanya miaka mingi. Lakini jibu lako ni lile aliloniambia Mama Riziki tukirudi, mtoto amelala mgongoni mwake: "Kama haungenisomea, ningemuogopesha."

Mungu akutangulie katika masomo.

Koko wako,
Anna