Betri Makadara, Gurudumu Majengo

Sudi, rafiki yangu,

Nakusalimu kama wanavyosalimiwa waliotutangulia, na jibu silitarajii. Eda ya mkeo imekwisha, na pamoja nayo umekwisha muda ambao adabu ilinitaka ninyamaze. Nina habari moja ya kukupa: baiskeli yako ya umeme imerithiwa. Maana yangu ni kwamba imefunguliwa vipande, na kila mrithi akaondoka na chake.

Utadhani natia chumvi. Hukunijua kwa hilo.

Tulikaa sebuleni kwako Kibokoni, ndugu zako wawili na mimi, mkeo na binti yako Rukia wakiwa nyuma ya pazia. Niliitwa kwa sababu nimesomesha elimu ya mirathi, ili nithibitishe mafungu. Niliyathibitisha: mke thumni, binti nusu, ndugu kilichosalia. Hapakuwa na mzozo mpaka ilipofikiwa baiskeli. Kakako Bakari alisema kila mmoja achukue kinachomfaa. Yeye alitaka betri, imwashie taa na feni dukani kwake Makadara umeme unapopotea. Mdogo wako Nassoro alitaka gurudumu la nyuma, kwa ajili ya mota iliyomo kitovuni mwake, aipeleke Majengo akaitengeneze mashine ya kukuna nazi. Mkeo na Rukia waliachiwa fremu.

Nilisema kwamba mirathi hugawa thamani ya kitu, haikigawi kitu chenyewe. Nilisema Rukia anaitaka baiskeli ikiwa nzima, na kwamba inaweza kuhesabiwa ndani ya nusu yake bila kumdhulumu yeyote. Bakari alinitazama kwa ule upole wake unaoudhi.

"Mwalimu, wewe umerithi nini hapa?"

"Sikurithi kitu."

"Basi malizia kahawa yako."

Niliimaliza. Ilikuwa imepoa.

Ilinipasa niyatarajie hayo. Tangu matangani nilikuwa nimewasikia wakinong'ona kwamba umeme ule ndio uliokula moyo wako, na waliponong'ona walinitazama mimi, kwa kuwa ni mimi niliyeagiza vifaa vya sote wawili, tukavifunga kibarazani kwako kwenye baiskeli zetu kuukuu. Hakuna aliyetaka kusikia kwamba moyo wako ulikuwa mgonjwa kabla ya mota, wala kwamba mota ndiyo iliyokufikisha Takaungu, Kwale na Gazi ilhali daktari alikuwa amekukataza hata ngazi za nyumbani kwako. Ulifia kitini baada ya sala ya alfajiri, ukisubiri kahawa. Baiskeli ilikuwa imeegemea ukuta, haikukugusa. Lakini mtu akitafuta cha kulaumu huchukua kilicho kigeni, na katika nyumba ile vitu vigeni vilikuwa viwili: baiskeli na mimi.

Hawajui tuliyoyajua. Hawajui jinsi hewa ya chumvi ilivyokula plagi zetu mwaka wa kwanza, mpaka tukajifunza kuzipaka grisi. Hawajui kwamba spoki za mwanzo zilikatika kwenye mpando wa Kwale kwa kuwa zilikuwa nyembamba kwa uzito wa mota, na kwamba wewe, uliyekuwa huna subira na mtu, ulikaa kando ya barabara ukalinyoosha gurudumu spoki baada ya spoki. Ni wewe uliyenifunza kwamba betri haiwekwi ikiwa imejaa pomoni wala ikiwa tupu. Kwa ajili hiyo betri zetu, za aina moja na umri mmoja, zilidumu kuliko tulivyoahidiwa.

Na Gazi. Betri zilitukatikia karibu na msikiti, imamu akatuonyesha soketi kwa ukarimu, nawe ukakataa. "Umeme huu umewekwa wakfu kwa wanaosali, haukuwekwa kwa magurudumu yetu." Tukasukuma juani hadi kwa mama muuza chai. Alituchajia huku tukila mahamri na mbaazi, akituchekea: "Wazee wazima, mnasukuma baiskeli zinazojiendesha?" Ulicheka mpaka ukashika kifua. Mimi sikucheka, nilikuwa nikikitazama kifua hicho.

Kwenye mipando mimi niliweka mota nguvu zote, wewe ukaiweka chini kabisa, kinyume cha ulivyoagizwa na daktari. Ulinikuta juu nikiwa mkavu, wewe ukiwa umelowa jasho, na kila mara uliniuliza: "Mwalimu, umefika au umeletwa?" Swali hilo lilinikera. Linanikera hadi sasa.

Nirudi kwenye mirathi. Chaja yako ilikuwa kwangu, kwa kuwa mara ya mwisho tulichaji kwangu. Bakari alilijua hilo. Kuja kuiomba kungekuwa kukiri kwamba nina neno katika mali ile, basi hakuja. Aliazima chaja ya pikipiki ya umeme, yenye nguvu kupita kiasi, akalifungua kasha la betri na kuunga nyaya moja kwa moja, akiuruka ubao mdogo unaoilinda. Betri ilivimba, ikatoa moshi, ikachoma rafu moja ya duka. Hakuumia mtu. Waliizima kwa mchanga, na sasa Bakari anasimulia barazani kwamba alisema tangu mwanzo kuwa kitu kile ni cha hatari. Anaaminiwa.

Nassoro naye alishindwa, kwa sababu mota haizunguki bila kontrola, kile kisanduku kinachoipimia umeme, na kontrola ilibaki kwenye fremu. Nilipomwendea Majengo alinitupia gurudumu bila kinyongo. "Chukua, Mwalimu. Mashine yenu haijui nazi." Kati ya wote, yeye peke yake ndiye niliyeweza kumshukuru.

Sasa nikwambie linaloniuma. Nilikutahadharisha. Wasia usingefaa, kwa kuwa Rukia ni mrithi na mrithi hausiwi. Lakini hiba ilikuwa mikononi mwako ungali hai: useme mbele yetu kwamba baiskeli ni ya Rukia, umkabidhi, basi. Nilikwambia zaidi ya mara moja, na jibu lako lilikuwa moja: "Nikimpa yeye, mimi nitapanda nini?" Ulikuwa na haki ya kuipenda. Hukuwa na haki ya kudhani hutakufa. Ndugu zako waliivunja baiskeli, lakini ni wewe uliyewakabidhi spana, na kwa hilo sijakuwia radhi. Nimejaribu.

Rukia amelirudisha gurudumu mahali pake kibarazani kwako, mimi nikimshikia fremu. Mkono wake ni wa kwako, na ukali wake pia: nilipomwambia spoki moja imelegea alinijibu, "Ami, naiona." Alipomaliza, baiskeli ilikuwa na kila kitu isipokuwa kitu kimoja. Hakuniomba. Alifuta grisi vidoleni, akatazama pale pa betri palipokuwa wazi, akaanza kukusanya spana.

Nilikwenda nyumbani nikaitoa yangu. Ilikaa sawasawa, kama nilivyojua itakaa. Ameshaiendesha hadi shuleni anakofundisha, Ganjoni, akapita Makadara mbele ya duka la ami yake bila kupunguza mwendo.

Vanga hatukufika. Kila mwaka ulisema mwaka ujao. Rukia anataka twende, na tutakwenda baada ya mvua za masika. Yeye atakuwa mbele kwa mota yako na betri yangu. Mimi nitakuwa nyuma, na mota iliyokufa kitovuni mwa gurudumu langu, nzito kama jiwe, na miguu hii unayoijua. Itanichukua muda mrefu na nitamkera kwa kumngojesha.

Lala, Sudi. Mungu akupe nafasi huko uliko, mimi bado nina hasira nawe huku niliko. Lakini ahadi naiweka: nikifika Vanga nitakujibu swali lako, na safari hii sitakuwa nimeletwa.

Mwalimu wako