Kipindi cha Kumi na Tisa, Kikiwa na Sauti

Ghorofa ya Tatu, Chumba Namba 14,
Mtaa wa Wachapaji.
Jumapili, tarehe 3 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Kifungo,

Nakusalimu kutoka kwenye kiti changu cha dirishani, ambako jua la alasiri huingia kwa dakika arobaini tu kisha huhamia kwa majirani. Habari za siku nyingi? Kifua kimekuachia? Na lile goti lako, bado linatabiri mvua? Mimi ni mzima. Miguu huvimba kidogo nikikaa sana. Daktari ameniambia nipunguze chumvi, nami nimepunguza kwenda kwa daktari.

Najua barua hii unasomewa na binti yako muuguzi. Mwanangu, shangazi yako anakuomba jambo moja: soma taratibu, na ukifika mahali pagumu usiparuke ukidhani unamlinda baba yako. Maisha yake yote amefungua saa na kutazama kilichoharibika ndani. Atastahimili.

Kifungo, habari ya kwamba upasuaji wa jicho umepangwa tarehe ishirini imenifanya niinuke na kuzunguka chumba bila sababu. Miaka miwili ya ukungu ni mingi kwa fundi saa. Unasema wateja bado wanakuja, na kwamba unaiweka saa sikioni na kuwaambia inaumwa nini. Sentensi hiyo niliisoma mara tatu, kisha nikaivua saa yangu ya mkononi na kuisikiliza. Sikusikia ugonjwa wowote. Kumbe mimi si fundi.

Sasa nije kwenye ombi lako. Umeniandikia kwamba bandeji ikitolewa, baada ya kuona nyuso za watu wako, unataka kutazama kipindi cha kumi na tisa cha ile tamthilia yetu ya anga, Chombo cha Saba, na kwamba hutakigusa mpaka mimi nikitazame kwanza na kutoa hukumu, kama zamani. Diski alizozituma binti yako zilifika salama. Jana, Jumamosi, nilivuta mapazia nusu nikakitazama. Alikuwepo jirani yangu wa chumba cha kumi na tatu, dereva wa treni mstaafu, mtu mwenye maneno mengi na biskuti zake mwenyewe.

Hukumu yangu ni hii: ni kipindi dhaifu. Si kibaya kwa namna ya kuchekesha. Ni dhaifu, kama chai iliyomiminiwa maji mara ya tatu.

Nusu nzima wanatembea kwenye ukumbi. Ukumbi ni mmoja, umepigwa picha kutoka pande mbili ili udhaniwe ni kumbi mbili, lakini kuna doa la rangi lenye umbo la kiatu ukutani, na nililiona mara nne. Nahodha anasimulia juu ya mnyama wa kutisha ambaye hatumwoni hata ukucha. Tabibu wa chombo anapata homa bila sababu na anapona bila dawa. Mwishoni kabisa, fundi wa mitambo anatoa mfukoni kifaa ambacho hakijatajwa tangu mwanzo, anabonyeza, mambo yanakwisha. Miaka thelathini nilikuwa nasahihisha prufu, zile kurasa za majaribio, kwenye kiwanda cha uchapaji. Mwandishi akiniletea mwisho wa namna hiyo, nilikuwa nachora mstari mwekundu pembeni na kuandika: kimetoka wapi?

“Hiyo sayari si sayari,” alisema dereva wa treni. “Hiyo ni bohari, wamefagia tu.”

“Nyamaza, bwana, tunatazama.”

“Unatazama wewe. Mimi naogopa ule ukuta utamwangukia nahodha.”

Nilicheka naye. Lakini moyoni nilikuwa nimekwisha kupoa, kwa maana nilikuwa nasikia. Hilo ndilo nililokuwa nimelisahau, Kifungo. Sisi hatukuwahi kuisikia tamthilia hii hata siku moja.

Unakumbuka tulivyosimama. Televisheni ilikuwa dirishani, ndani ya duka la Fundi Waya, kati ya redio zilizofunguliwa matumbo, na kioo cha dukani kilikuwa kinene hata sauti haikupita. Tulibandika mapua yetu pale kila Jumamosi. Ile nuru ya samawati ilitutoka usoni na kurudi, na nyuso zetu zikaakisiwa juu ya nyota, kwa hiyo chombo kilipita katikati ya paji lako na kutokea shavuni kwangu. Mpaka leo nikisinzia mchana hukiona kikipita hivyo, polepole, bila kelele, kama samaki ndani ya maji yasiyo na mwisho, na wewe uko ndani yake na mimi niko ndani yake.

Ulikuwa ukinivuta mkono. “Dada, anasema nini?” Nami nilikuambia anasema nini. Watoto wengine wa mtaa nao wakasogea karibu ili wasikie. Nilimpa nahodha sauti ya baba alipokosa usingizi. Fundi wa mitambo nilimpa kigugumizi cha mwenye duka la mkate. Hakuna aliyeniuliza nimejuaje. Nilikuwa na miaka kumi na sita, mkubwa kuliko wote pale kiooni, na nilijua kusoma midomo, au ndivyo nilivyowaambia. Siku moja Fundi Waya alitoka nje akasimama nyuma yetu, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, “Ndani huko maneno ni mengine kabisa, binti. Lakini endelea, ya kwako yana adabu.” Mlimzomea nyote. Mlidhani anatania.

Sasa tufike pale unapopapenda. Mwanamke mwenye gauni la fedha anasimama upande wa pili wa kioo cha kituo, chombo kinajiandaa kuondoka, naye anaweka kiganja chake kiooni. Umeyaandika maneno yake kwenye barua yako, yote, bila kukosea: “Usiondoke hapo kwenye kioo. Nitarudi kabla alama ya mkono wangu haijafutika.” Unasema umewasimulia wanao, na sasa wajukuu. Unasema hujawahi kusikia ahadi iliyosemwa vizuri kuliko ile.

Kifungo, yule mwanamke ni mkaguzi wa mabomba. Anasema hivi, nimerudisha nyuma mara tano ili nisikosee: “Vali ya tatu inavuja. Ondokeni upande huo haraka.” Kisha anaondoka, na haonekani tena. Jina lake halipo hata kwenye orodha ya mwisho.

Nitakuwa mwadilifu kwa kipindi hiki, maana hata prufu mbovu ina mstari mmoja mzuri. Uso wa yule mwigizaji si uso wa vali. Ameandikiwa bomba, lakini macho yake yanaaga mtu. Sijui alikuwa anamuaga nani siku ile, mbele ya ukuta wa mbao na mafundi wa taa wanaotafuna kitu. Zile sekunde arobaini ndizo pekee zinazostahili kutazamwa, na zinatazamika vizuri zaidi usiposikia.

Lakini maneno hayakuwa yake. Ilikuwa Jumamosi, na Jumanne iliyofuata mimi na shangazi yetu mdogo tulipanda lori la kuvuka mpaka na hukuniona tena. Nilikuwa nimeambiwa nisimwambie mtu yeyote tunaondoka, wewe zaidi ya wote, kwa kuwa ulikuwa huwezi kuficha hata pipi. Basi ulipouliza anasema nini, nilibandika kiganja changu kwenye kioo cha duka nikakuambia nilichotaka kukuambia. Niliazima mdomo wa mwanamke wa watu. Mama aliniandikia baadaye kwamba ulimkataza Fundi Waya kufuta kioo, na kwamba alivumilia wiki sita akilalamika kuwa atauza redio kwa kupapasa.

Hapa ndipo pagumu, mwanangu msomaji. Usiparuke.

Katika barua zako hujanilaumu hata mara moja. Kila mwaka unaandika, “Najua ni hizo karatasi zao,” na kila mwaka mimi nakujibu habari za hali ya hewa. Ni kweli zilikuwa karatasi, vibali vya serikali vya kurudi nyumbani. Kwa miaka thelathini na mitano zilikuwa karatasi, na nilizifuatilia ofisi kwa ofisi mpaka walinzi wakanizoea kama jamaa yao. Lakini ruhusa ya kurudi ilitoka miaka kumi na moja iliyopita. Bahasha ilikuja Ijumaa. Niliisoma, nikaiweka kwenye droo ya vijiko, nikakuandikia kwamba mvua zimechelewa.

Nimejaribu kutafuta sababu yenye heshima na sikuipata. Niliogopa. Mama alikuwa amekwisha kuondoka duniani bila mimi. Wa kunikumbuka nyumbani ulibaki wewe tu, na katika kichwa chako nilikuwa na miaka kumi na sita, najua kila mtu angani anasema nini. Nikawaza, akinifungulia mlango ataona bibi mwenye miguu iliyovimba, anayesahau majina ya matunda katika lugha ya mama yake. Ilikuwa rahisi kuendelea kuwa barua. Barua haizeeki.

Kisha ukaniandikia habari ya ukungu, na mimi nikaendelea kunyamaza. Miaka miwili. Ungeweza kuniona, ukiwa na macho yako mazima, miaka tisa yote kabla ya hapo. Hilo nimekunyang'anya mimi, si wao. Jana, baada ya kumsikia yule mwanamke akitaja vali, nilivumilia mpaka mwisho wa kipindi, kisha nilizima televisheni. Dereva wa treni akaniuliza kama ukuta umeanguka hatimaye. Nikamwambia ndiyo.

Sikuombi uniambie si kitu. Ukitaka kukasirika, kasirika kwa raha zako. Unanidai hasira ya miaka kumi na moja na hukujua unaidai. Ukitaka pia kukitazama kipindi, kitazame kikiwa na sauti yake. Nimechoka kuwasemea watu midomo, na wewe umefikia umri wa kujua vali ni vali.

Ulichotaka ni hukumu ya kipindi, nami nimekupa. Ahadi ni jambo lingine, na safari hii naiandika kama ninavyoandika tarehe kwenye prufu. Ni Jumanne, tarehe kumi na tisa Machi. Ndege inatua saa nne na robo asubuhi. Tiketi ninayo, nimeinunua asubuhi hii kabla sijaanza kuandika, ili nisipate nafasi ya kubadilisha mawazo nikifika ukurasa wa pili. Hutaweza kuniona siku hiyo. Utanisikia. Sauti imekuwa ya mkwaruzo na lafudhi imechuja, lakini ukiniuliza miaka kumi na moja nilikuwa wapi, nitakujibu mimi mwenyewe, na utakuwa na siku nzima ya kuuliza kabla hawajakugusa jicho.

Nisalimie shemeji yako wa upande wa mto, yule mcheshi, na mkwe wako mwashi, na wajukuu wote kwa ukubwa na udogo wao. Binti yako mbusu kwa niaba yangu hapo alipokaa, na umpe maji anywe, amesoma sana. Mola akutunzie mkono wa daktari wako usitetemeke, na akupe mapambazuko yenye rangi zote.

Nakupenda, mdogo wangu, bila mtu wa katikati.

Ni mimi dada yako.